Shahada ya Afya Si Tiketi ya Udaktari

Tanzania, kijana aliyefaulu kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) huomba nafasi moja kwa moja chuo kama Muhimbili, akasoma udaktari miaka 5, kisha akafanya mafunzo ya vitendo hospitalini kwa mwaka mmoja. Wazazi wengi waliohamia Marekani wanaijua njia hiyo tu. Mtoto akipata chuo Houston au Minneapolis, wanataka kusikia ameandikishwa udaktari. Asipokuwa na jibu la kuwaridhisha, wanamsukumia shahada yoyote yenye neno "afya" katika jina lake.

Haraka hiyo inawaumiza watoto. Ukiacha programu chache zinazounganisha ngazi mbili, Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza ya miaka 4, na fani ya shahada hiyo ni hiari ya mwanafunzi. Kinachopimwa ni baiolojia, kemia, fizikia na baiokemia aliyosoma, alama zake, muda aliokaa karibu na wagonjwa, na mtihani wa MCAT. Sehemu moja ya mtihani huo, yenye maswali 53 kwa dakika 90, haina sayansi hata chembe: ni kusoma vifungu vya falsafa, historia au sanaa na kupima hoja zake.

Takwimu za AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya huko, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waombaji waliosoma fasihi au historia hawakubaliwi kwa kiwango kidogo kuliko wa baiolojia, huku wa fani maalumu za afya wakiwa nyuma kidogo. Tusizivute takwimu hizo kupita kiasi, maana mwanahistoria anayethubutu kuomba udaktari mara nyingi ameshajipima. Lakini wanaodai kwamba fani ya afya humtanguliza mwombaji hawana ushahidi.

Uuguzi ndio unaonisumbua zaidi. Ni taaluma kamili, yenye leseni na ajira, na anayeupenda asizuiwe na mtu. Ila katika vyuo vingi kemia ya wanafunzi wa uuguzi ni kozi fupi iliyotengenezwa kwa ajili yao, na shule nyingi za udaktari haziikubali. Mwanafunzi huligundua hilo mwaka wa tatu, anapofungua masharti ya kujiunga na kukuta anadaiwa mihula miwili ya kemia ya kawaida, kisha kemia ogani, kisha fizikia. Wakati huo ratiba yake imejaa zamu za wodini kuanzia alfajiri. Atalazimika kuongeza mwaka mzima, na ada yake.

Afya ya jamii haina mtego huo na inafundisha mambo ambayo daktari anayahitaji, kama vile kwa nini mtaa mmoja unaugua kuliko mwingine. Udhaifu wake uko kwenye ajira: kazi nyingi nzuri za fani hiyo hudai shahada ya pili.

Ajira si jambo la pembeni hapa, kwa sababu zaidi ya nusu ya wanaoomba udaktari Marekani kila mwaka hawapati nafasi. Kwa asiye raia wala mkazi wa kudumu mlango ni mwembamba zaidi, maana shule nyingi hazimpokei kabisa. Na kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026, mkopo wa serikali kuu kwa udaktari una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, wakati shule nyingi zinagharimu zaidi ya hapo.

Kwa hiyo shahada ya kwanza ichaguliwe kwa sifa mbili: mtoto aipende kiasi cha kupata alama za juu, na imwezeshe kuishi hata kama udaktari utamkataa. Masomo ya sayansi yanaweza kuambatana na fani yoyote. Mzazi, kabla hujalipa ada ya muhula wa kwanza, kaa na mwanao muweke orodha ya masomo ya shahada hiyo kando ya masharti ya shule tatu za udaktari anazozitaka. Msipoona yanalingana, ulizeni chuo siku hiyohiyo.