Maradhi ya Kuku Huanzia Guniani

Asafiriye leo kwa barabara ya Namanga kutoka Athi River hadi Isinya huona jinsi nchi iliyokuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai ilivyogeuka kuwa mji wa Kitengela, na jinsi nyuma ya nyumba nyingi za mji huo palivyojengwa mabanda ya kuku. Wastaafu, akina mama na vijana waliokosa ajira wametia akiba zao humo. Hilo ni la kupongezwa. Lisilopongezwa ni desturi iliyoota mizizi mabandani: kuku wakiharisha, mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo, akanunua antibaotiki na kuikoroga majini, bila ya kujiuliza kuku hao wamekula nini.

Haipingiki kwamba yapo maradhi yanayohitaji dawa hizo. Hata hivyo, mengi huanzia guniani. Ngano na pumba zake, ambazo hutiwa katika chakula cha kuku mahindi yanapoadimika, zina nyuzinyuzi ambazo kuku hana uwezo wa kuzivunja. Sehemu ya nyuzi hizo hufanya chakula tumboni kiwe uji mzito wenye kunata. Uji huo hukawia utumboni kabla ya kusagika sawasawa, na bakteria waharibifu, hasa wale wa jamii ya klostridia wanaoozesha utumbo, hupata karamu. Kimeng'enya kiitwacho zailanezi huzikata nyuzi hizo vipande vidogo. Uji hulainika, kuku hunufaika, na vipande hivyo huwa chakula cha bakteria wema waishio mwishoni mwa utumbo, ambao hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo wenyewe.

Madini nayo yana hesabu yake. Yapata theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka na soya imefungwa ndani ya faiteti, na kuku hawezi kuifungua vya kutosha. Kimeng'enya cha faitezi, kilichoanza kuuzwa duniani mwaka wa 1991, huifungua. Lakini mchanganyaji akizidisha chokaa, kalisiamu hushikamana na faiteti na kukizuia kimeng'enya kufanya kazi yake. Isitoshe, chokaa hupunguza ukali wa asidi ya firigisi, ambayo ni mlinzi wa mapema dhidi ya bakteria waingiao na chakula. Kuku wa mayai huhitaji kalisiamu karibu asilimia 4 ya chakula chake. Kifaranga hutoshwa na asilimia 1 hivi. Anayempa kifaranga chakula cha kuku wa mayai kwa kuwa ndicho kilichobaki ghalani humharibu figo.

Kajiado ina mtihani wa ziada, nao ni maji. Visima vingi vya kuchimbwa vya eneo hili hutoa maji ya chumvi na yenye madini mengi. Chumvi ikizidi, kuku hunya majimaji hata kama hana ugonjwa, na maranda yakilowa, vijidudu huzaana. Mfugaji akikoroga oksitetrasaiklini katika maji hayo magumu, kalisiamu na magnesi huishika dawa hiyo, na sehemu yake kubwa hupita bila ya kumfaa kuku. Hapo mtu ametibu ugonjwa usiokuwapo, kwa dawa isiyofanya kazi, na fedha imekwenda.

Lau hasara ingeishia mfukoni tungevumilia. Lakini kila dozi isiyo na haja huwaua bakteria wanyonge na kuwaacha sugu, ambao hutoka na samadi hadi kwenye mashamba ya nyanya, mitoni na hatimaye mezani petu. Ndiyo maana Sweden ilipiga marufuku antibaotiki za kukuzia mifugo mwaka wa 1986, na Umoja wa Ulaya ukafuata mnamo Januari 1, 2006. Wala wasidhani wafugaji kwamba shaba na zinki kwa wingi ni njia ya mkato, kwani madini hayo yakizidi nayo huchochea usugu.

Wasagaji watasema vimeng'enya ni ghali. Jibu ni kwamba hupimwa kwa gramu katika tani nzima, na huokoa fosforasi ambayo ingenunuliwa kando. Ila kwa sababu ni kidogo mno, na kwa sababu joto kali huviua, haviwezi kuchanganywa kwa sepetu nyuma ya banda. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye mizani na mitambo.

Kwa hivyo tunadai mambo matatu. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lihakikishe kila gunia linaeleza kiasi cha kalisiamu, fosforasi na vimeng'enya vilivyomo, na lipime magunia yaliyo madukani, si sampuli za kiwandani pekee. Serikali ya Kaunti ya Kajiado, ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi huduma za ufugaji, iwapimie wafugaji maji ya visima vyao. Nao wauzaji wa dawa wakome kuuza antibaotiki bila ya cheti cha daktari wa mifugo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Dawa tunazomwaga majini zinaficha chakula kibovu na maji mabaya, na mfugaji anayelipia gunia zima ana haki ya kujua kilichomo ndani yake kabla kuku hajakila.