Mtambo wa upepo ukiifuata nyumba, nani ahame?

Wadau, miaka ya 2000 Serikali na TANESCO walipima upepo sehemu kadhaa nchini, ikiwemo Mkumbara, Korogwe. Singida na Makambako ndiko kulikoonekana bora zaidi, lakini minara ya siku hizi ni mirefu na inaufuata upepo huko juu. Na mkoa wetu hauwezi kuegemea Mto Pangani peke yake: Hale ina uwezo wa megawati 21 na New Pangani Falls 68, ila mvua ikigoma nazo zinalegea. Kwa hiyo tujadili mapema: mtambo ukija, usimame mita ngapi toka nyumba ya mtu?

Habari za mita sisi tunazijua. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu toka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Ndo zikaja zile X. Nyekundu: bomoa, hulipwi. Kijani: subiri, utalipwa eneo likihitajika. Mabishano yote yakaishia kwenye swali moja: wewe umeifuata barabara, au barabara imekufuata?

Swali hilo hilo linatakiwa kwenye upepo, na hapa jibu ni rahisi. Mara nyingi mtambo ndo unaoifuata nyumba. Unakuja na mvumo usiku, na jua likiwa chini kivuli cha mapanga yake kinapitapita dirishani. Denmark, ambao wako kwenye biashara hii siku nyingi, wanataka umbali usiopungua mara nne ya urefu wote wa mtambo. Ukiwa na mita 150, kaa mita 600 toka nyumba ya mtu. Yaani sheria inambana mwenye mtambo, sio mwenye nyumba.

Ila kuna mtego. Duara la mita 600 kuzunguka mtambo mmoja ni zaidi ya ekari 270. Kijana aliyepewa kiwanja na mzee wake humo ndani, akitaka kujenga kesho ataambiwa ameufuata mtambo? Huyo atakuwa kapigwa X ya kijani isiyo na rangi, na fidia hana. Kwa hiyo duara lichorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kabla ya kusaini chochote, na aliyezuiwa kujenga naye alipwe.

Wanaoona huku ni kuchelewesha maendeleo waangalie Kinangop, Kenya. Mradi wa megawati 60.8 ulishapata fedha, wananchi wakaukataa kwa madai ya ardhi, fidia na hofu ya afya. Februari 2016 ukafutwa. Umeme hakuna, na hela za wawekezaji zimekwenda na maji.

Mimi umeme wa upepo nautaka. Ila mita zipangwe kabla nguzo ya kwanza haijasimama, sio baada ya watu kuanza kulia. Wadau wa Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga, mnasemaje?