.com, .cd ao .org? Kabla ya mkia wa jina, tuulize nani anashika ufunguo

Mashirika mengi ya huku kwetu Runingu, Sange na Uvira yanajulikana kwenye Facebook na WhatsApp. Koperative za wakulima wa muchele, farmasi na wauzaji wa ndagala nao ni vilevile. Lakini siku inafika mfadhili ao mnunuzi wa mbali anauliza: "Muko na saiti?" Hapo komite inaketi, na mara moja watu wanaanza kubishana: tuchukue .com, .cd ao .org?

Swali hilo ni zuri, lakini liko na lingine nyuma yake, na hilo la nyuma ndilo linaumiza watu.

Tuanze na mkia wenyewe. Mkia wa herufi mbili ni wa inchi: .cd ni Kongo yetu, .bi ni Burundi, .rw ni Rwanda, .tz ni Tanzania. Mikia mirefu zaidi haifungwi na mpaka. Ule wa .com uliwekwa kwa biashara na .org kwa mashirika, lakini leo mtu yeyote anaweza kununua mmoja ao mwingine. Tangu mwaka 2017 kuna pia .africa kwa bara lote.

Je, mkia unaongeza wasomaji? Tuangalie wale tunaosoma kila siku. Actualite.cd na 7sur7.cd wanatumia mkia wa inchi. Radio Okapi iko na .net. Iwacu ya Burundi iko na .org, na Igihe ya Rwanda iko na .com. Wote wanajulikana. Watu wanawafuata juu ya kazi yao, mkia hawauangalii sana.

Lakini mkia si mapambo tu. Nyuma ya kila mkia kuna mtu ao ofisi inayousimamia, na ikiteleza huko juu, sisi huku chini tunaanguka nayo. Inchi yetu yenyewe ni mfano. Zamani mkia wetu ulikuwa .zr, wa Zaïre. Vita ilipita hapa kwetu Uvira mwaka 1996, na mwezi wa 5 mwaka 1997 inchi ikabadilisha jina. Herufi .cd zikaingia mahali pa .zr, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Leo .cd inasimamiwa na SCPT, kampuni ya Leta ya posta na simu. Ili anwani za .cd zifunguke, kuna mashini maalum zinazoelekeza watu, na mashini mojawapo ilikuwa inaitwa kwa jina lenye mkia wa .com: scpt-network.com. Mwaka 2020 jina hilo lilimaliza muda wake na halikulipiwa tena. Mwishoni mwa mwaka huo likawa huru kwa yeyote. Aliyelinunua, kwa bahati nzuri, alikuwa mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth. Alilichukua ili mwizi asilichukue, kisha mwezi wa kwanza 2021 akawajulisha wenye kusimamia .cd, nao wakahamia jina lingine. Angekuwa mtu mbaya, angeweza kugeuza njia ya karibu nusu ya watu wanaotafuta anwani za .cd na kuwapeleka kwenye saiti za uongo. Inchi nzima iliwekwa hatarini na jina moja la .com, ambalo kulilipia ni karibu dola 10 hadi 20 kwa mwaka.

Mfano wa tatu ni wa vitu vya bure. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom iligawa bila malipo majina ya .ml ya Mali, .ga ya Gabon na .cf ya Afrika ya Kati. Vijana wengi walifurahia. Matapeli nao walifurahia zaidi, mpaka mikia hiyo ikawa na sifa mbaya. Mwaka 2023 Freenom ilisimamisha kugawa majina, na Gabon na Mali wakarudisha mikia yao mikononi mwao. Mamilioni ya majina yalifutwa. Aliyekuwa amechapisha anwani yake ya bure kwenye kibao na kwenye risiti alibaki na kibao tu.

Ndiyo maana tunasema: mkia ni swali la pili. La kwanza ni hili: jina limeandikishwa kwa nani, na nani atalipa mwaka ujao?

Kwetu mambo yanaenda mara nyingi hivi: komite inachanga franga, inampa kijana mmoja anayejua mashini. Kijana anaandikisha jina kwa imeili yake na simu yake. Hana nia mbaya. Kisha vita inafika, watu wanavuka mpaka kwenda Burundi, simu inapotea na laini inakufa. Ile kodi ya siri inayotumwa kwenye simu haifiki tena. Tangazo la kulipa linakuja kwenye imeili isiyofunguliwa na mtu. Kwa .com, jina likishafutwa kwa muuzaji, kunabaki siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, kisha siku 5, halafu yeyote anaweza kulinunua. Na anayelinunua anaweza kupokea hata barua ambazo wafadhili na wateja walikuwa wanawaandikia ninyi.

Dawa tunaijua tayari. Sanduku la AVEC liko na kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3. Jina la tovuti nalo liwekwe hivyo. Liandikishwe kwa jina la shirika. Imeili iwe ya komite, si ya mtu. Watu wawili ao watatu, wasiokaa nyumba moja, wajue neno la siri. Tarehe ya kulipa iandikwe kwenye kitabu cha mikutano, na kama franga ziko, mulipe miaka 2 ao 3 mara moja. Muulize pia bei ya mwaka wa pili, maana wauzaji wengine wanashusha ya kwanza na kupandisha zinazofuata.

Baada ya hapo, mkia unachaguliwa bila kelele. Kama wateja wako wako Kongo na unataka wajue uko wa hapa, .cd inafaa. Kama unauza mpaka Bujumbura na Kigoma, .com inaeleweka kote. Shirika lisilotafuta faida litazoeleka kwa .org. Lakini uangalie kwanza kama jina hilohilo halijachukuliwa na mwingine kwa mkia mwingine, maana mteja akikosea herufi tatu za mwisho, atafikia kwa jirani, na franga zake pia.

Kwa hiyo, komite ikiketi kubishana juu ya mkia, katibu aulize kwanza: ufunguo utakaa kwa nani? Bila jibu la swali hilo, ni heri kungoja mkutano ujao kuliko kulipa leo.