Nani Kasema Lazima Ilipe?

Tangu niache chuo kuna swali moja linanifuata kama deni la duka: "Na hiyo itakuletea pesa ngapi?" Juzi mjomba aliniuliza akiwa amesimama mlangoni mwa bedsita yangu hapa Umoja. Meza ilikuwa imejaa katoni zilizokatwa, maganda ya viberiti na zile fomu nyeupe zinazofungiwa runinga. Chini ya kitanda laptopu kuukuu ilikuwa inavuma. Nikamwambia ukweli: haitaleta hata bob. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuja matangani.

Basi nimjibu hapa, maana hayuko peke yake. Huku Eastlands chochote kijana anachogusa lazima kigeuke biashara. Ukijua kompyuta, ni ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Hiyo kazi nimeifanya, na kuna miezi ilinilipia rent, kwa hivyo sijifanyi mtakatifu. Ukisema unacheza, watu wanadhani unabeti. Tumekubali kwamba akili ya mtu wa mtaa ni ya kukodishwa tu, na ikikosa mpangaji basi ikae giza. Mimi nakataa.

Kilichokuwa juu ya meza ni mtaa wa Bahati, alfajiri ya 24 Aprili 1954. Siku hiyo jeshi la Waingereza chini ya Jenerali George Erskine lilianza Operation Anvil. Nairobi ilizingirwa na nyumba za Eastlands zikapekuliwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine. Watu waliofunikwa magunia hadi kichwani, gakunia, walitazama foleni na kuonyesha nani ni Mau Mau. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini, katika kambi kama Manyani na Mackinnon Road. Mimi hayo niliyasoma shuleni kwa aya moja, nikayajibu kwa mtihani, nikasahau. Na hizo barabara ndizo ninazopita nikienda tao!

Kwa nini mchezo, si insha? Kwa sababu mchezo wa vita wa mezani ulibuniwa kufundisha watu wazima. Mwaka 1824 luteni wa Prusia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa ramani, vipande vyekundu na vya buluu, dadu, na mwamuzi. Kila upande unaandika amri zake, mwamuzi anasoma zote, kisha anawaambia wachezaji kile tu ambacho wangeweza kukiona. Jeshi likauchukua kufunzia maafisa. Wenye mamlaka wamecheza sana. Ni sisi tunaoambiwa kucheza ni uvivu.

Sasa ile laptopu. Ni ya mtumba, nilinunua Sh14,000 mjini. Ndani nimeweka Linux, ambayo ni ya bure, na tangu 2007 Linux inakuja na KVM, kitu kinachokata mashine moja kuwa seva pepe kadhaa. Ukitaka kuelewa seva pepe, fikiria landilodi wa Umoja: ploti ni moja, lakini amegawanya vyumba, kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, na hakuna anayejua jirani amepika nini. Nimegawanya vyumba vitatu. Kimoja ni cha jeshi, kingine cha wakaaji wa mtaa, na cha tatu cha mwamuzi, ambaye peke yake anaona yote. Laptopu yenyewe inatoa waifai, kwa hivyo wachezaji wanaingia kwa simu bila bando. Stima ikipotea, betri inatushikilia kama dakika 40. Mara ya kwanza nilikosea mipangilio, jeshi likawa linasoma amri za wakaaji. Siku tatu nilikuwa natafuta kosa. Hakuna lekcha aliyewahi kunifunza mtandao vile hizo siku tatu zilinifunza.

Kuna wanaouliza swali zito kuliko la mjomba: si ni dharau kufanya mateso ya watu kuwa mchezo? Hilo nililiogopa. Nikamleta shosho wangu, ambaye alikuwa mtoto Bahati mwaka huo. Alikaa kwa meza muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akainua kile kiberiti nilichokifanya lori, akakiweka upande wa pili wa barabara. "Lilisimama hapa," akasema. Akaangalia tena. "Na watoto mmewaweka wapi?"

Sikuwa nimeweka mtoto hata mmoja. Nilikuwa nimehesabu wanajeshi, malori, wanaume wa kukamatwa. Alama zote nilizihesabu vile mkoloni alivyohesabu, na sikuwa nimegundua. Nilirudi kwa seva ya mwamuzi nikaandika sheria upya: sasa upande wa wakaaji unapata alama kwa kila mtoto ambaye mwisho wa raundi ana mtu mzima wa kumshika mkono. Mchezo umekuwa mgumu, na wachezaji wameacha kucheka. Shosho naye, ambaye miaka yote hakuwahi kutusimulia siku ile, ameanza kusimulia. Insha gani ingefanya hivyo?

Mei 2024 Microsoft na G42 walitangaza mpango wa kituo cha data Olkaria, dola bilioni 1. Watu wakapiga makofi. Mimi niliuliza tu: sisi wa Eastlands tutaingia hapo kama nani? Ikiwa kijana hawezi kuharibu na kutengeneza seva chini ya kitanda chake bila kuulizwa faida, atafika huko akiwa amevaa sare ya kufungua geti. Na hata kazi nzuri ikipatikana, bado nasema faida haiwezi kuwa sababu ya kila kitu. Kuna vitu mtu anajenga ili aelewe amezaliwa wapi.

Mjomba, Jumamosi saa nane tunacheza tena. Nakuwekea upande wa jeshi. Kuja na simu, bando usinunue, na shosho amesema ukae pale anapokuona.