Kumsindikiza Msafiri Kutoka Nyacheki



Mama mmoja wa Likoni ameniletea barua. Binti yake amepata kazi ya nyumbani Riyadh, na tiketi aliyokabidhiwa na wakala inaonyesha kwamba ndege itaondokea Nairobi, si Mombasa. Mama huyo anauliza iwapo ni lazima amsindikize mwanawe hadi uwanja wa ndege, au inatosha kumuaga katika stesheni ya treni Miritini na kumwachia Mola yaliyobaki. Watu wa nyumbani kwake wamemwambia kwamba nauli ya kwenda na kurudi ni hasara, kwani hata akifika hataruhusiwa kuingia ndani.

Hilo la kutoruhusiwa ni kweli. Kuhusu hasara, nina kisa cha kumsimulia. Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba mimi ni mtu wa Mombasa niliyeolewa Nyacheki, huku Kisii, na kwamba mume wangu alisilimu akiwa kazini pwani ilhali ndugu zake wote ni Waadventista. Kisa hiki ni cha wifi yangu na binti yake, nao wameniruhusu kukisimulia bila ya kuwataja majina.

Sisi tuliolelewa pwani hatukujua taabu ya kwenda uwanja wa ndege. Mtu wa Mji wa Kale huswali Isha kwake, akapakia sanduku, akavuka Makupa na kupita Changamwe, na kabla mazungumzo ya njiani hayajaisha amekwisha fika. Hata yule anayepandia Nairobi siku hizi ana treni, ambayo tangu mwaka 2017 humshusha Syokimau, mahali pasipo mbali na uwanja. Kutoka Nyacheki mambo ni mengine. Kwanza kuna bodaboda kutoka nyumbani hadi barabarani, na udongo wa huku ukilowa hauna urafiki na mtu. Kisha matatu hadi Kisii mjini. Kisha gari la Nairobi, kupitia Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Wenyeji watakuambia ni saa sita. Saa sita ni kwa siku ambayo hakuna lolote lililotokea, na siku ya namna hiyo mimi nimeiona mara chache.

Ndege ya binti ilikuwa ya Jumapili, saa kumi za alfajiri. Wakala alitaka abiria wake wote wawe uwanjani saa saba za usiku. Mume wangu akapiga hesabu: tuondoke Jumamosi asubuhi, tufike jioni, twende uwanjani moja kwa moja. Wifi akasema hatasafiri siku ya Sabato. Hakugomba wala hakununa; alisema tu kwamba hatasafiri, na kwamba mwanawe hataondoka bila yeye. Wanaume wakaanza kulalamikia nauli. Mimi nikakumbuka kwamba nina dada wa ukoo anayekaa South C, mtaa usiozidi nusu saa kutoka uwanjani usiku barabara ikiwa tupu. Nikasema tuondoke Ijumaa alfajiri, Sabato wifi aipumzikie huko, na jua likishatua Jumamosi tujitayarishe kwenda.

Jioni ya kuamkia safari tulipeleka sanduku kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, tukalining'iniza kwenye mizani ya wakulima. Lilizidi kilo nne. Kilichotolewa ni nguo; unga wa wimbi ulibaki.

Ijumaa hiyo mvua ilikuwa imenyesha Narok usiku kucha. Tulikaa hapo mjini kwa muda mrefu tukingoja maji yapungue barabarani, nami nikapata wasaa wa kuingia msikitini na kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, wifi akinishikia mkoba nje. Tulipofika kwenye mteremko wa Mai Mahiu, lori lilikuwa limekwama karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na magari yalipandana kama siafu. Tuliingia South C jua likitua. Mume wangu hakusema neno, lakini nilimwona akihesabu kwa vidole: mkasa kama ule ungetukuta Jumamosi, tungefika uwanjani tukiwa hatujanawa uso, na pengine tusingefika kabisa. Tangu hapo, mtu yeyote wa kijijini akija kuniuliza habari za ndege, jibu langu la kwanza ni kwamba alale Nairobi usiku mmoja kabla.

Siku ile ya Sabato ndiyo iliyotufaa kuliko zote. Dada yangu hakumpa wifi kazi hata ya kumenya kitunguu. Alimwacha akae sebuleni na Biblia yake. Mimi na binti tukakaa naye, tukafanya mambo ambayo katika pilikapilika za nyumbani hayakuwa yamefanywa. Tulitoa nakala za pasipoti na mkataba tukampa mama yake. Tuliandika jina na namba ya wakala, na anwani ya mwajiri kadiri ilivyojulikana. Tulikubaliana juu ya neno: akiuliza kwenye simu, "Mama, ndizi zimeiva?" tutajua kwamba mambo si mazuri na kwamba hawezi kusema. Halafu nikamlazimisha aikariri namba yangu ya simu. Alicheka, akasema imo ndani ya simu yake. Nikamwambia simu ni ya kwanza kuchukuliwa. Aliirudia tangu saa nne za asubuhi hadi chakula cha mchana, mpaka watoto wa dada yangu nao wakaijua.

Uwanja wenyewe, kwa asiyeujua, una desturi zake. Ulifunguliwa mwaka 1958 ukiitwa Embakasi, na sehemu ya kazi ya kuujenga ilifanywa na mikono ya wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari, jambo ambalo wazee wa bara hawalisahau kila wanapoitaja Embakasi. Wakati ule, kabla ya kuyafikia majengo, magari yalisimamishwa kwenye kizuizi. Abiria walishuka, wakapita kwa miguu kwenye ukaguzi, na dereva akapita na gari peke yake, kisha wakapanda tena upande wa pili. Wifi hakuambiwa. Alipoona tunashushwa gizani alidhani ndipo pa kuagania, akamkumbatia mwanawe na kulia kwa sauti, askari wakatuangalia. Dakika tano baadaye tukawa tumeketi tena ndani ya gari pamoja, machozi bado mashavuni, binti akicheka. Kwenye mlango wa jengo ndipo penyewe: asiye na tiketi haingii. Mtu wa wakala akaita majina, wasichana tisa wakapanga mstari, na muda wote kutoka kuitwa jina hadi kupotea nyuma ya mlango haukutosha mtu kusoma Fatiha na kuimaliza. Yule mama anayepanga kumpa mwanawe wasia uwanjani, na ajue kwamba muda huo haupo.

Ilipopita miezi kumi na minne, ndizi ziliulizwa.

Sitaeleza yaliyompata huko, ni yake. Itoshe kwamba jitihada zilifanywa, na Alhamisi moja jioni tukapata habari kwamba ndege yake ingetua saa nane za usiku wa kuamkia Jumamosi. Nilimtazama wifi. Alinyanyuka, akapiga pasi gauni lake la kanisani, na Ijumaa alfajiri alikuwa wa kwanza barabarani. Usiku ule, Sabato ikiwa imekwisha ingia saa nyingi zilizopita, alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa wanaowasili, mikono mapajani, bila ya kusinzia.

Tulikuwa kwenye mlango usio wake. Jengo la kwanza la abiria limegawanywa sehemu A hadi E, na wanaowasili kutoka nje hawatokei wote mahali pamoja. Inategemea shirika la ndege. Sisi tulimwona mmoja akitoka, tukadhani wote watatokea hapo. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu simu yangu ikalia kwa namba nisiyoijua. Binti alikuwa ametokea mlango mwingine, mkononi ana mfuko wa plastiki, hana simu, hana shilingi, na wanaume watatu wamemzunguka, kila mmoja akimwambia kwamba gari lake liko tayari na mizigo iko wapi. Akamwendea mwanamke aliyekuwa akipiga deki, akamwomba simu, akaitaja ile namba.

Sikumbuki tulivyofika upande ule. Wifi ni mtu mzima wa miguu mibovu, lakini alinitangulia.

Hatukutoka uwanjani usiku huo, na hili nalisisitiza kwa anayepokea mgeni wa kike. Teksi za usiku tulizoulizia zilitaka bei ya mara mbili, na hata zingekuwa bure nisingemweka msichana huyo ndani ya gari la mtu nisiyemjua saa kumi za usiku. Ndani ya eneo la uwanja kuna taa, askari na watu. Tuliketi tukanywa chai ya bei ya ajabu hadi kulipopambazuka, kisha mume wa dada yangu akaja kutuchukua. Wifi alimaliza Sabato yake South C mwanawe akiwa amelala mapajani pake, na Jumapili tukaondoka mapema, kwa sababu huku kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, na ile njia ya bodaboda ninakwisha ieleza.

Kwa hiyo, mama wa Likoni, msindikize. Panda treni naye siku moja kabla. Usiku wa kabla ya ndege ulale naye mahali pa jamaa palipo karibu, na maneno yote yaishie hapo, si mlangoni. Na siku ya kurudi, iwe ni baada ya miaka miwili au kabla, uliza shirika gani la ndege na mlango upi kabla hujakaa kwenye benchi.

Huku Nyacheki binti wa jirani yetu naye anaondoka mwezi ujao. Wifi ndiye anayemfundisha namba. Jana alikuja kunilalamikia kwamba msichana bado anazikosea tarakimu mbili za mwisho.