Simu Ikikataa Apu, Usikimbilie Linki ya WhatsApp

Hii imekutokea, usikatae. Uko stendi ya Kakamega, matatu ya Mumias haijajaa, umenunua bando ya mbao ili upakue apu moja tu. Kimduara kinazunguka. Kinazunguka tena. Bando inaisha na apu haijaingia. Msee aliyeketi kando yako anachungulia simu yako, anacheka, anakuambia: "Wachana na hiyo, bro. Wacha nikutumie APK kwa WhatsApp."

Hapo ndipo nataka usimame kidogo.

Simu haikatai apu kwa roho mbaya. Kuna sababu, na mara nyingi unaweza kuiondoa mwenyewe bila kumlipa fundi hata shilingi. Lakini kuna siku ambapo kukataa kwa simu ndiko kunakokulinda. Siku hiyo ukilazimisha, utajuta. Mimi nilijuta.

Nilikuwa bado chuoni. Kodi ya chumba ilikuwa imefika na sikuwa na kitu. Jamaa mmoja akanitumia linki ya apu ya mikopo. Simu ikanionya, nikazima ulinzi kama alivyonielekeza. Apu ikaomba isome majina ya watu kwenye simu yangu, ikaomba isome jumbe. Nikabonyeza kubali, kubali, kubali. Nikapata shilingi 1,500, nikafurahi.

Nilipochelewa kulipa kwa siku tatu, hawakunipigia mimi. Walimpigia mama akiwa sokoni, wakamwambia amelea mwizi. Wakampigia kiongozi wa darasa letu. Wakampigia mchungaji. Mama alilipa lile deni kwa pesa za mbolea. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na siku hiyo nilijua hawakuwa wakitunga mashairi. Sikuacha chuo kwa sababu ya apu, nisikudanganye. Karo ndiyo iliyonishinda. Lakini aibu ile ilinifanya niondoke bila kumuaga mtu.

Kwa hivyo, kabla hujapokea APK ya mtu, hebu tuulize simu inakataa kwa nini.

Kwanza, nafasi. Simu ya GB 16 haina GB 16 zako, kwa sababu mfumo wenyewe umekalia sehemu kubwa. Tena apu huhitaji nafasi zaidi ya ukubwa unaouona kabla ya kupakua, maana ikishashuka lazima ifunguliwe humo ndani. Fungua WhatsApp, angalia video za "habari ya asubuhi" na za kila kamati ya harusi uliyowahi kuingizwa. Futa. Utashangaa.

Pili, foleni. Ukiona apu imekwama kwenye neno "Pending", huenda simu inasasisha apu nyingine kumi kwanza. Ingia Play Store, bonyeza picha yako hapo juu, nenda mahali pa kusimamia apu, usimamishe zile nyingine. Ukiwa hapo, angalia mipangilio ya mtandao pia. Kama umeiambia simu ipakue kwa waifai pekee, bando yako haitaguswa hata ukae hapo hadi jioni.

Tatu, tarehe. Simu ikizima chaji kwa muda mrefu, wakati mwingine huamka ikidhani ni mwaka mwingine. Mtandao hukagua vyeti vya usalama kwa tarehe, na tarehe ikikosea muunganisho hukataliwa. Iweke ijirekebishe yenyewe.

Nne, Play Store yenyewe. Zima simu, uiwashe. Ikigoma bado, ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta Play Store kati ya apu zako, ufute kashe yake. Picha zako haziguswi na Gmail yako haipotei. Ukifuata hizi nne, mara nyingi hutahitaji fundi. Na kama utamwendea fundi, usimwachie nenosiri la Gmail limeandikwa kwenye karatasi. Simama hapo, uliandike mwenyewe.

Tano, simu yako inaweza kuambiwa haiwezi kutumia apu hiyo. Hapo Android yako imezeeka na hakuna dawa ya mkato. Lakini jaribu mlango mwingine halali: tovuti ya huduma hiyo, au msimbo wa USSD. M-Pesa iko kwa *334#, Hazina ya Hustler kwa *254#, na SHA kwa *147#. Hizo hazitaki nafasi wala bando. Na hapa nawaambia wakubwa wenye huduma: mkituambia tupakue apu, tuwekeeni na njia ya kabambe. Mtu wa Shinyalu mwenye simu ndogo naye ni mwananchi. Mkimfungia mlango, ndiye huyo atakayetumiwa linki na tapeli.

Sasa ile sababu ya sita, ambayo si hitilafu kabisa. Kenya ni miongoni mwa nchi ambako Google imekuwa ikijaribu ulinzi wa ziada katika Play Protect. Ukijaribu kuweka apu uliyoitoa kwa kivinjari au kwa WhatsApp, na apu hiyo inataka kusoma jumbe zako, simu inaweza kuizuia moja kwa moja. Fikiria jumbe zako zina nini. Nambari za siri za benki zinazotumwa mara moja, na taarifa zote za M-Pesa. Mtu anayesoma jumbe zako amekaa ndani ya pochi yako.

Apu za mikopo nazo zina sheria. Tangu 2022, kanuni za Benki Kuu zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na mwanzoni mwa 2023 Google ilianza kuitisha leseni hiyo kabla ya kuziruhusu Play Store nchini. Kwa hivyo mkopeshaji akikuambia apu yake haipatikani Play Store, "tumia tu linki hii", muulize kwa nini. Kisha angalia jina lake kwenye orodha ya Benki Kuu. Iko kwenye tovuti yao, ni bure.

Na kama tayari umeumia kama mimi, usinyamaze kwa aibu. Ondoa apu hiyo, badilisha nenosiri la Gmail, hifadhi skrinshoti za vitisho, kisha upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Data. Si hadithi. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia vitisho. Mimi sikujua kuna mahali pa kushtaki. Wewe sasa unajua.

Najua utasema huna muda wa haya yote, matatu inajaa na dili inafungwa leo. Hata mimi nilikuwa na haraka. Lakini kufuta video za harusi ni dakika tano. Kumweleza mama kwa nini mgeni amemtukana sokoni kulinichukua miaka miwili.

Kwa hivyo msee wa stendi akikuletea APK, mwambie asante, halafu ufungue mipangilio.