Gobore la Babu na Bei ya Usalama
Nikiwasikia vijana wa Didia wakijadili bei ya bunduki kana kwamba wako mnadani, hulikumbuka gobore la babu lililotundikwa juu ya mlango. Alilinunua kwa ng'ombe wawili. Sisi wajukuu tuliruhusiwa kulipangusa, si kulenga nalo. Nakiri, harufu ile ya baruti bado naitamani.

Lakini kumbukumbu huchagua. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79, bunduki za kivita zilizagaa mikononi mwa wezi wa mifugo. Gobore hushindiliwa upya kila baada ya mlio mmoja. Usiku walipovamia, babu alifyatua mara moja tu na zizi likabaki tupu. Afueni ililetwa na Sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980: mwano ukipigwa, kila kaya ilitoa mtu mwenye upinde. (Wapo walioadhibiwa bila kusikilizwa, hilo nalo tusilifiche.)

Leo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inadai leseni, na ni haki. Mfanyabiashara wa dhahabu Geita ataimudu bunduki pamoja na gharama zake. Mjane wa Didia je, akipiga mwano usiku, nani ataitikia?